Mali Bila Daftari: Fundisho la Umeme wa Uganda



Tarehe 22 Aprili, 1979, siku 11 baada ya Kampala kuanguka, majeshi yetu pamoja na wapiganaji wa ukombozi wa Uganda yaliingia katika mji wa Jinja. Mojawapo ya mambo yaliyotiliwa maanani sana siku ile lilikuwa Bwawa la Owen Falls, pale Mto Nile unapoanza safari yake kutoka Ziwa Victoria. Bwawa hilo ndilo lililokuwa chemchemi kuu ya umeme wa Uganda, na sehemu ya umeme wake ilikuwa ikivuka mpaka kwenda Kenya. Kama adui angeliliharibu kabla ya kukimbia, wananchi wa Uganda wangelipata taabu ya miaka mingi, na jirani zao pia. Bwawa lilipatikana zima.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu yale yaliyotokea baada ya hapo. Mali ile iliyookolewa kwa jasho na damu iliendelea kupungua kwa njia isiyotoa mlio wa risasi. Ilikuwa ikivuja katika hesabu. Tena habari hii inatuhusu sisi wenyewe, kwa kuwa kwa miaka mingi mkoa wa Kagera, ambao sehemu yake ilivamiwa mwaka 1978, ulipata umeme wake kutoka Uganda.

Hapana budi tuanze na historia. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliunda Bodi ya Umeme ya Uganda, na tarehe 29 Aprili, 1954, Malkia Elizabeth wa Pili alifungua Bwawa la Owen Falls. Mitambo iliongezwa mmoja baada ya mwingine hadi ikafika 10, kila mmoja ukiwa na uwezo wa megawati 15, yaani megawati 150 kwa jumla. Wakati wa uhuru, mwaka 1962, Uganda ilirithi shirika moja lililozalisha umeme, likausafirisha, likaugawa na kukusanya malipo yake.

Kisha likaja balaa la Idi Amin. Mwaka 1972 aliwafukuza Waasia, na katika miaka iliyofuata wahandisi, mafundi na wahasibu wengi waliikimbia nchi. Vipuri vikaadimika na mitambo ikachakaa. Vita vya miaka ya 1980 vikaongeza jeraha juu ya jeraha. Baadaye fedha za mikopo na misaada zilitafutwa, mitambo ikakarabatiwa, na uwezo wa bwawa ukapandishwa hadi megawati 180. Lakini kukarabati mtambo ni kazi rahisi kuliko kukarabati hesabu. Umeme ulikuwa ukitoka Jinja, ukapita katika nyaya, ukawasha taa za watu, na fedha zake hazikurudi zote.

Kwa nini hazikurudi? Tuitazame kazi ya shirika la umeme jinsi ilivyo. Bohari lina daftari lake la mita, nyaya na transfoma. Kikosi cha mafundi kina daftari la nyumba zilizounganishwa. Wasoma mita wana vitabu vyao, ofisi ya mapato ina orodha yake ya wateja na madeni yao, na ofisi ya mishahara ina yake. Kila daftari linaweza kuwa safi kabisa likitazamwa peke yake. Shida iko katika nafasi baina ya daftari na daftari. Mita ikitoka bohari leo, ikafungwa katika nyumba kesho, lakini namba yake isifike katika ofisi ya mapato, nyumba ile itawaka taa miaka mitano bila kuletewa ankara hata moja. Mtunza bohari atasema ametoa, fundi atasema amefunga, mhasibu atasema hajaletewa. Wote watakuwa wamesema kweli, na mali ya umma itakuwa imepotea. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.

Askari anaelewa jambo hili upesi kuliko raia. Bunduki haitoki katika ghala la silaha kwa maneno matupu. Hutolewa kwa namba yake, hupokewa na askari mwenye namba yake, na saa ya kutoka na ya kurudi huandikwa. Daftari la ghala na daftari la lindo lazima yakubaliane. Yasipokubaliana hata kwa silaha moja, hakuna anayelala mpaka ipatikane. Sasa jiulizeni hali ingekuwaje kama mtunza ghala na mkuu wa lindo wangekuwa na madaftari yasiyolinganishwa mwaka mzima.

Dawa iliyoenea duniani kwa maradhi haya ni mfumo mmoja wa kompyuta unaounganisha shughuli zote za shirika. Kampuni ya SAP ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1972, mwaka ule ule Amin alipokuwa akiwafukuza watu, ni mojawapo ya zilizoongoza kazi hiyo, na mwaka 1992 ilitoa programu yake iitwayo R/3, ambayo mashirika mengi makubwa ya dunia yaliichukua. Namna ya kufanya kazi si ngumu kuieleza. Jambo likiandikwa mara moja mahali pamoja, linaonekana kwa kila mwenye kuhusika nalo. Mita ikitoka bohari, mfumo hudai namba ya mteja atakayefungiwa, na namba ya transfoma inayomhudumia. Mwisho wa mwezi umeme ulioingia katika transfoma hulinganishwa na jumla ya uniti zilizosomwa katika mita zake zote. Tofauti ikizidi ile inayopotea katika nyaya kwa kawaida, mkubwa wa kazi anajua ni mtaa gani wa kupeleka wakaguzi.

Je, Uganda ilifanya nini? Mwaka 1999 ilitunga sheria mpya ya umeme. Mwaka 2001 ile bodi ya zamani iligawanywa katika makampuni matatu ya umma: moja la kuzalisha, moja la kusafirisha na moja la kugawa umeme. Tarehe 1 Machi, 2005, kazi ya kugawa ilikodishwa kwa miaka 20 kwa kampuni ya Umeme, ambayo mwanzoni ilimilikiwa na Globeleq ya Uingereza na Eskom ya Afrika Kusini. Wakati huo, katika kila uniti 100 zilizoingia katika njia za kugawia umeme, zipatazo 38 zilipotea bila kulipiwa. Nyingine zilipotea kwa uchakavu wa nyaya, na nyingine kwa wizi na hesabu mbovu. Hakuna duka linaloweza kuishi kwa hasara ya namna hiyo.

Haki yake mtu apewe. Katika miaka iliyofuata upotevu ulipungua, na mwishoni mwa miaka ya 2010 ulikuwa karibu uniti 17 katika 100. Mwaka 2011 zilianza kuletwa mita za malipo ya kabla, zinazojulikana huko kwa jina la Yaka, mfano wa LUKU yetu. Wateja, ambao mwaka 2005 walikuwa wapatao 290,000, walipita milioni 2. Hata hivyo manung'uniko juu ya bei hayakukoma, na serikali ya Uganda iliamua kutouongeza mkataba ule.

Usiku wa tarehe 31 Machi, 2025, mkataba ukaisha, na tarehe 1 Aprili kampuni ya umma ya UEDCL ikashika kazi. Hapo ndipo thamani ya daftari ilipoonekana waziwazi. Kwa mujibu wa mkataba, serikali ilipaswa kuilipa kampuni sehemu ya mtaji wake ambayo ilikuwa haijarudi. Ni kiasi gani? Serikali, ikifuata hesabu ya Mkaguzi Mkuu wake, ililipa dola za Marekani milioni 118. Kampuni ilidai dola zipatazo milioni 292. Tofauti ilizidi dola milioni 170, na shauri likapelekwa kwa wasuluhishi London.

Hatusemi hapa nani ana haki, maana hiyo ni kazi ya wasuluhishi. Lakini fikirini, ndugu wasikilizaji. Nguzo ziko pale pale barabarani na transfoma ziko pale pale juu ya nguzo. Hakuna aliyebisha kwamba zipo. Ubishi ulikuwa juu ya hesabu: kipi kilijengwa lini, kwa bei gani, nani alikipitisha, na ni kiasi gani kilikwisha kurudishwa na wananchi kupitia ankara zao. Nguzo haiwezi kusimama mbele ya wasuluhishi ikajitetea. Kinachosema badala yake ni kumbukumbu iliyoandikwa siku iliposimikwa. Nchi inayomwachia mwingine madaftari ya mali yake kwa miaka 20, bila kuwa na yake ya kulinganishia mwaka hadi mwaka, siku ya makabidhiano hujikuta ikibishana juu ya mali iliyo mbele ya macho yake.

Hata hivyo tusije tukadhani kwamba kompyuta ni hirizi. Mfumo mmoja huleta hatari zake. Kwanza, uwongo ukiingizwa mlangoni huenea katika vyumba vyote kwa kasi ile ile ya ukweli. Pili, karani anayempa mwenziwe neno lake la siri la kufungulia mfumo ni sawa na mlinzi anayeazimisha ufunguo wa ghala la silaha; siku mali ikipotea, jina litakaloonekana ni lake. Tatu, vyombo hivi vina mipaka iliyowekwa na waliovibuni. Mita za malipo ya kabla za aina inayotumika katika nchi nyingi, yetu ikiwa mojawapo, zilihesabu dakika kuanzia tarehe 1 Januari, 1993, katika nafasi yenye uwezo wa dakika 16,777,216 tu. Hesabu hiyo ilikuwa ifike kikomo tarehe 24 Novemba, 2024. Ndiyo sababu kila mita ilibidi iingizwe namba maalumu kabla ya siku hiyo, na wengi wenu mnakumbuka kazi ile. Iliwezekana kwa shirika lililojua kila mita yake iko wapi. Mita isiyo katika daftari nani angeipelekea namba?

Basi ninyi askari mna sehemu gani katika jambo hili? Mnayo, tena kubwa. Mwaka 2022 Uganda ilirekebisha sheria yake ya umeme na kuongeza adhabu kwa wezi wa umeme na waharibifu wa mitambo. Lakini polisi anayemkamata mtu na waya wa shaba au vipande vya mnara hana budi kuthibitisha mbele ya hakimu kwamba mali ile ni ya shirika. Atathibitishaje kama shirika lenyewe halina kumbukumbu ya mahali ilipokuwa na siku ilipotoweka? Ulinzi wa bunduki bila ulinzi wa kumbukumbu humwachia mwizi mlango wa nyuma.

Aidha, kambi na vituo ni wateja wakubwa wa umeme. Mwezi Machi, 2017, Rais John Magufuli, akiwa Mtwara, aliliagiza shirika letu la umeme likate umeme wa kila mdaiwa sugu, hata kama ni ofisi ya serikali. Agizo lile lilitukumbusha kwamba katika daftari la haki hakuna mteja mwenye cheo. Mkuu wa kambi anayekagua mita yake kila mwezi, na kuilinganisha na ankara anayoletewa, analilinda taifa sawasawa na yule anayesimama lindoni usiku.

Vijana waliolichukua Bwawa la Owen Falls mwaka 1979 walikabidhi mali nzima kwa wenyewe. Wengi wao sasa ni wazee, na wengine wamekwisha kututangulia. Jirani zetu wa Uganda wamezishika tena nyaya zao kwa mikono yao wenyewe, na tunawatakia heri katika kazi hiyo nzito. Nasi tunaolinda mabwawa, vituo vya umeme na njia zake katika nchi hii, kila tupokeapo zamu tusihesabu risasi peke yake. Tulifungue na daftari, tulisome, na tuulize pale lisipokubaliana na yale tunayoyaona kwa macho.