Anuwai ya jeni ya vimelea vya kala-azar

Kala-azar huenezwa na usubi jike anayebeba vimelea vya jenasi ya Leishmania. Mgonjwa hushikwa na homa isiyokatika, hukonda, na wengu huvimba hadi tumbo likatuna; asipotibiwa, karibu kila mara hufa. Spishi zinazohusika ni mbili. L. donovani, iliyopewa jina mwaka 1903, imeenea Bara Hindi na Afrika Mashariki. L. infantum huishi kwa mbwa katika nchi za Mediterania, na kutoka huko ilivuka Atlantiki pamoja na wakoloni wa Kireno na Kihispania. Brazili ilipewa hata spishi yake, L. chagasi, mwaka 1937, mpaka uchunguzi wa jeni ulipobaini kuwa ni L. infantum ileile.

Kwa darubini, vyote hivi ni vidoadoa tu ndani ya seli. Tofauti zimo kwenye kromosomu 36 ambazo idadi ya nakala zake haitulii: moja huwa na mbili, nyingine tatu, na ile ya 31 kwa kawaida nne. Kimelea huzaliana zaidi kwa kujigawa, ingawa ndani ya usubi aina mbili zinaweza kuchanganya jeni.

Bara Hindi halina mengi ya kusimulia. Sampuli 204 zilizosomwa jenomu, matokeo yakatolewa mwaka 2016, zilikaribiana mno, isipokuwa kundi dogo la milima ya Nepali ambalo watafiti waliliita Yeti.

Afrika Mashariki ni habari nyingine kabisa. Vimelea vya Sudani na kaskazini-magharibi mwa Ethiopia, penye mashamba ya ufuta ya Humera, ni kundi moja. Huko usubi aina ya Phlebotomus orientalis hujificha kwenye nyufa za udongo mweusi chini ya migunga. Vimelea vya Konso, kusini mwa Ethiopia, vina undugu na vya Kenya. Upande huu msambazaji ni P. martini, mkazi wa vichuguu, na mchungaji wa Baringo au Pokot anayeketi juu ya kichuguu magharibi inapoingia amejipeleka mwenyewe mlangoni kwake.

Hospitalini tofauti hizi zina uzito. Kipimo cha haraka cha rK39 kilitengenezwa kwa kipande cha protini ya kimelea cha Brazili. Bara Hindi hunasa wagonjwa takriban 97 katika kila 100. Afrika Mashariki ni 85 hivi, na sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba jeni ya protini hiyo imebadilika katika vimelea vya huku. Kwa hiyo jibu la "hana" halitoshi kumrudisha nyumbani mtoto wa Turkana mwenye homa ya wiki nyingi na wengu uliovimba. Dawa nazo hazishabihiani: dozi moja ya amfoterisini ya liposomu inayoponya wengi India haikufua dafu ilipojaribiwa Afrika Mashariki, ambako mgonjwa amezoea kuchomwa sindano za antimoni na paromomaisini kwa siku 17.