Meno ya Kahawia na Mkaa wa Mifupa

Kama umelea watoto Nakuru, Gilgil au Naivasha, umewaona wenye madoa ya kahawia kwenye meno. Pengine mmoja ni wako, na umeshaambiwa kwamba hukumfundisha kupiga mswaki. Lawama hiyo si ya haki, na historia yake ni ndefu.

Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alianza kazi katika mji wa Colorado Springs, Marekani. Alikuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Wengine walisema ni nyama ya nguruwe, wengine maziwa mabaya. McKay alishuku maji, lakini vipimo vya wakati ule havikuonyesha kitu. Ikapita miaka 30! Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill, akitumia vipimo vipya, alipata jibu: floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba na kuingia katika maji ya ardhini.

Floraidi kidogo hulinda meno. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kipimo cha Shirika la Afya Duniani, huanza kuharibu meno yanayojijenga ndani ya ufizi. Ikizidi mno kwa miaka mingi, hata mifupa hukakamaa. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina floraidi nyingi, na visima vingi vya huku hupita kipimo hicho. Kuchemsha hakusaidii, mama. Maji hupungua kwa mvuke, floraidi hubaki sufuriani.

Sasa, floraidi hupenda mfupa. Ndiyo maana humdhuru mtoto, na ndiyo njia ya kuinasa. Mji wa Britton, South Dakota, ulichuja maji yake kwa mkaa wa mifupa kuanzia 1953 hadi 1971. Hapa kwetu, Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru ilianza kazi ya kuondoa floraidi mwaka 1998. Mifupa ya ng'ombe, ambayo kwa kawaida hutupwa, ilichomwa kwenye tanuri, ikasagwa na kutiwa kwenye vichujio. Wapo wanaokunja uso wakisikia mifupa, lakini sukari nyeupe ya Ulaya ilisafishwa hivyo tangu karne ya 19.

Usijaribu kuichoma jikoni kwako. Isiyoiva hunukisha maji, na iliyoungua kupita kiasi hainasi floraidi vizuri. Tena mkaa huo hushiba. Maji yataendelea kutoka meupe kabisa huku floraidi ikipita, kwa hiyo ni lazima yapimwe na mkaa ubadilishwe.

Kama huna kichujio, maji ya mvua karibu hayana floraidi. Hata yakiwa machache, yawekee watoto walio chini ya miaka 8, ya kunywa na ya uji. Hayo yachemshe, kwa sababu ndege hutua kwenye paa lako kila siku.