Sare Tasa: Historia ya Soka Kuboesha

Ukitaka kuchokoza watu Nairobi, ingia mahali wanapoangalia mechi ya Arsenal na Man U, ngoja kipindi cha kwanza kiishe bila bao, kisha useme kwa sauti kwamba hii soka inaboo. Utaambiwa hujui mpira. Utaambiwa urudi nyumbani ukaangalie mieleka. Lakini kuna jambo ambalo sisi mashabiki hatupendi kulikubali: malalamiko hayo hayakuletwa na Wamarekani, wala na wale jamaa wa raga ya wachezaji saba wanaotucheka kila wikendi. Wenye soka wenyewe wamekuwa wakilalamika kwa zaidi ya miaka mia moja kwamba mchezo wao unachosha. Kila baada ya muda wanakaa chini, wanakuna vichwa, wanabadilisha sheria.

Anza na mwaka wa 1925. Sheria ya kuotea iliyokuwepo tangu 1866 ilisema kwamba mshambulizi akipewa pasi, lazima kati yake na mstari wa goli kuwe na wapinzani watatu. Siku hizo timu ilikuwa na mabeki wawili tu na kipa. Sasa fikiria: beki mmoja akipanda mbele kidogo, mshambulizi tayari ameotea, na yule beki mwingine bado yuko nyuma kama bima ikiwa mtego utashindwa kufanya kazi. Bill McCracken, beki Mwairishi wa Newcastle United, alikuwa fundi wa mtego huo. Timu nyingine zikamwiga, na mashambulizi yakawa yanafia katikati ya uwanja. Filimbi, mpira wa adhabu, filimbi tena. Watu walikuwa wanalipa kiingilio kumsikiliza refa.

Msimu wa 1924–25, Ligi Daraja la Kwanza ya Uingereza ilipata mabao 1,192 katika mechi 462. Waskoti wakapendekeza wapinzani watatu wawe wawili, na pendekezo likapita. Msimu uliofuata, katika mechi 462 zilezile, mabao yakawa 1,703. Mabao 511 zaidi, kwa sababu ya kubadilisha neno moja kwenye kitabu cha sheria. Sijui dawa nyingine iliyowahi kufanya kazi haraka hivyo kwenye mchezo wowote.

Lakini angalia kilichofuata. Oktoba 3, 1925, Arsenal walienda Newcastle wakapigwa 7-0. Charlie Buchan, mshambulizi wao, alikuwa akisisitiza kwamba kiungo wa kati arudishwe nyuma asimame katikati ya mabeki wawili. Baada ya kile kipigo kocha Herbert Chapman alikubali, na kutoka hapo ukakua mfumo ulioipa Arsenal mataji ya miaka ya thelathini. Beki wa kati tunayemjua leo, lile jitu linalopiga kila kitu kwa kichwa, ni mtoto wa sheria iliyoletwa ili mabao yaongezeke. Utawapa washambulizi nafasi, kocha mmoja mahali fulani atakaa usiku kucha akitafuta namna ya kuifunga.

Na kabla mtu wa basketboli hajacheka sana, ajue kwamba nao walipitia hapo. Novemba 22, 1950, Fort Wayne Pistons waliamua kwamba njia pekee ya kuishinda Minneapolis Lakers ni kukaa na mpira bila kurusha. Wakashinda 19-18. Hayo ni matokeo ya mechi nzima, si ya robo ya kwanza. Ligi ya NBA ilileta saa ya sekunde 24 mwaka wa 1954, na wastani wa timu moja ukaruka kutoka pointi karibu 79 hadi 93 kwa msimu mmoja. Basketboli ilichagua: hakuna kungoja tena. Soka haikuchagua hivyo, na nadhani hapo ndipo njia mbili za mashabiki ziliachana.

Kwa sababu huku kungoja, si kila mtu anakuonja kwa namna moja. Chukua Gijón, Uhispania, Juni 25, 1982, kwenye Kombe la Dunia. Algeria walikuwa wameishangaza dunia kwa kuwafunga Ujerumani Magharibi 2-1, na mechi zao za kundi walikuwa wamezimaliza siku moja kabla. Ujerumani Magharibi na Austria wakaingia uwanjani wakijua hesabu yote: Wajerumani wakishinda kwa bao moja au mawili, wao na Austria wanapita pamoja, Algeria wanaenda nyumbani. Horst Hrubesch alifunga dakika ya 10. Zilizobaki, dakika 80, zilikuwa za kupigiana pasi za nyuma. Mashabiki wa Algeria waliwapungia wachezaji noti za pesa kutoka jukwaani. Ukimwambia Mualgeria kwamba mechi ile iliboesha, utakuwa umemtukana, kwa sababu yeye alikaa pale akiangalia anaibiwa polepole. Ndiyo maana leo mechi za mwisho za kundi huchezwa saa moja kwa wakati mmoja.

Halafu ikaja Italia, 1990. Wachambuzi wengi wa Ulaya wanaitaja kuwa Kombe la Dunia lililochosha kuliko yote, na takwimu ziko upande wao. Mabao 115 katika mechi 52, wastani wa 2.21, ndio wa chini kabisa katika historia ya mashindano hayo. Kwenye Kundi F walikuwa Uingereza, Ireland, Uholanzi na Misri. Mechi sita, mabao saba, na mshindi alipatikana mara moja tu. Ireland walifika robo fainali bila kushinda mechi hata moja ndani ya muda wa kucheza, wakiwa wamefunga mabao mawili tu. Argentina walifika fainali wakiwa wamefunga matano, wakapoteza 1-0 kwa penalti ya dakika ya 85 wakiwa wamebaki pungufu.

Mechi inayokumbukwa zaidi kwa ubaya ni ya Palermo, Juni 17, Ireland na Misri, 0-0. Misri hawakuwa wamecheza Kombe la Dunia tangu 1934. Walikuwa tayari wamewalazimisha Uholanzi, mabingwa wa Ulaya, sare ya 1-1, na kocha wao Mahmoud El-Gohary hakuwa na haraka yoyote. Beki anamrudishia kipa, kipa anaudaka mpira, anautembeza, anamrushia beki, beki anamrudishia. Sheria iliruhusu. Kule Ireland, mchambuzi Eamon Dunphy alitupa kalamu yake hewani kwenye televisheni, na hasira yake ilikuwa kwa timu yake mwenyewe, si kwa Wamisri.

Sasa jiulize ilivyokuwa Cairo. Timu iliyokaa nje miaka 56 inaondoka na pointi ya pili mfululizo dhidi ya Wazungu. Kila mara kipa anapoudaka ule mpira, sekunde kumi zimeenda. Sioni ni kwa nini mtu wa Cairo angetaka mchezo uchangamke.

Isitoshe, kombe hilohilo la kuboesha ndilo la Cameroon. Juni 8, San Siro, Milan: mabingwa watetezi Argentina, na Maradona wao, walifungwa 1-0 na François Omam-Biyik, huku Cameroon wakimaliza wakiwa tisa baada ya kadi nyekundu mbili. Roger Milla, mwenye miaka 38, akacheza dansi kwenye kibendera cha kona. Wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali, wakatolewa na Uingereza 3-2 katika muda wa ziada. Kombe lililofuata, Afrika ilipewa nafasi tatu badala ya mbili. Muulize mzee yeyote aliyeiona Italia 90 kwenye televisheni ya jirani kama ilimboesha. Mtakaa hadi jioni.

FIFA, hata hivyo, haikuwa ikimsikiliza huyo mzee. Mwaka wa 1992 ikapitishwa sheria kwamba kipa haruhusiwi kudaka mpira aliorudishiwa na mwenzake kwa mguu kwa makusudi. Kombe la 1994 mabao yakapanda hadi 141, mechi zikiwa bado 52. Ni sheria nzuri, sina ubishi. Iliua uoga, lakini mabao yakabaki kuwa haba. Kuna tofauti hapo, na hakuna waliojifunza tofauti hiyo kwa gharama kubwa kama Wamarekani.

Ligi yao ya kwanza kubwa ya kisasa, NASL, iliyoanza 1968, iliamini kwamba Mmarekani haangalii soka kwa sababu mabao ni machache na sare ni nyingi. Basi wakatoa pointi sita kwa ushindi, na pointi ya ziada kwa kila bao hadi matatu. Mwaka wa 1973 wakachora mstari wao wenyewe wa kuotea, yadi 35 kutoka golini. Mwaka wa 1977 wakaleta mikwaju yao wenyewe: mechi ikiisha bila mshindi, mchezaji anaanza na mpira yadi 35 kutoka kwa kipa na ana sekunde tano za kufunga. Pelé alikuwa New York, na Agosti 14, 1977 watu 77,691 walijaa Giants Stadium kuwaona Cosmos. Ligi ikafa baada ya msimu wa 1984.

Mwaka wa 1996 ikaja MLS, na kwa sababu isiyonielea hadi leo, wakafufua ileile mikwaju ya yadi 35. Wakaongeza saa inayohesabu kurudi nyuma hadi sufuri, kama ya basketboli. Watazamaji walipita wastani wa 17,000 msimu wa kwanza, wakashuka chini ya 15,000 uliofuata. Wale wasiopenda soka hawakuja kwa sababu ya saa. Wale wanaoipenda, wengi wao wahamiaji na watoto wa wahamiaji, waliiona kama kichekesho. Kufikia msimu wa 2000 vyote viwili vilikuwa vimetupwa.

Na katikati ya hayo yote, Wamarekani walikuwa wameandaa Kombe la Dunia la 1994. Fainali, Brazil na Italia, watu 94,194 wameketi kwenye jua kali la Rose Bowl, California. Dakika 120. Sufuri kwa sufuri. Ilikuwa fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia kumalizika bila bao, na ikaamuliwa kwa penalti. Huwezi kuandika utani kama huo.

Tena hoja ya “vitendo vichache” haisimami vizuri ikitoka Marekani. Mwaka wa 2010 gazeti la Wall Street Journal lilipima mechi za NFL kwa saa ya mkononi, likapata kwamba katika matangazo ya saa tatu na zaidi, mpira uko mchezoni dakika 11 hivi. Mashabiki wa NFL hawalali, kwa sababu kila kituo kina maana kwao. Wanajua kinachongojewa.

Uhaba wa mabao una kazi nyingine pia, ambayo hata wanafizikia wameihesabu. Mwaka wa 2006 watafiti watatu wa Marekani walichapisha uchambuzi wa mechi zaidi ya 300,000 za ligi kuu za michezo mitano: soka, besiboli, hoki ya barafu, basketboli na futiboli ya kwao. Mchezo ambao timu dhaifu iliishinda yenye nguvu mara nyingi zaidi ulikuwa soka ya Uingereza. Ukiwa na pointi 90, aliye bora ataonekana tu. Ukiwa na bao moja, lolote laweza kutokea, na yule mdogo anajua hivyo, kwa hivyo anajibana nyuma, anapoteza muda, anaanguka akishika goti ambalo haliumi. Kile kinachomboesha mtazamaji asiye na upande ndicho chakula cha mnyonge. (Mtu asiye na upande anaweza pia kubeti. Hapo hata sare tasa ya ligi ya mbali, saa sita usiku, inageuka filamu.)

Sisi Wakenya tunazijua ladha zote mbili. Aprili 2016, Shujaa walipowapiga Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore Sevens, zilikuwa pointi 37 ndani ya muda usiotosha kupika ugali na mboga. Raha tupu, sikatai. Lakini kumbuka Kasarani, Agosti 10, 2025, mechi ya CHAN. Ryan Ogam amewafunga Morocco dakika ya 42. Kabla ya mapumziko Chrispine Erambo anapewa kadi nyekundu. Kipindi kizima cha pili Kenya wako kumi, wanabutua mpira mbele, Morocco wanaurudisha, tunabutua tena. Dakika 45 na nyongeza, bila bao hata moja. Mgeni asiyetujua angesema hakuna kilichotokea. Jirani zangu walikuwa wamesimama hadi filimbi ya mwisho, na mmoja wao alikuwa ameipa televisheni mgongo, anasikiliza tu.

Siku kumi na mbili baadaye Madagascar walitutoa kwa penalti baada ya sare ya 1-1. Morocco wao wakarudi Kasarani Agosti 30, wakachukua kombe mbele ya hao hao Madagascar kwa mabao 3-2. Ilikuwa fainali tamu, ya mabao matano. Uliza mtu yeyote Nairobi leo akusimulie mechi ya CHAN, uone atakusimulia ipi.