Mwalimu wa Maji: Elimu ya Mtumbwi Kutoka Ishango Hadi Kwenye Simu

BUTEMBO – Kati ya familia za wahami waliopanda milima ya Lubero na kufika Butembo na Beni tangu mwaka wa 2024, kuna watu waliozoea kuishi kando ya maji. Hao ni wavuvi wa ziwa Edward. Mwezi wa tatu mwaka huo waasi wa M23 waliikamata Vitshumbi, kijiji cha wavuvi upande wa Rutshuru. Mwishoni mwa mwezi wa sita Kanyabayonga na Kirumba nazo zilianguka, na barabara ikajaa watu waliobeba magodoro, masufuria na watoto. Mtumbwi haubebeki kichwani, kwa hiyo ulibaki ziwani.

Kuna mali moja ambayo wavuvi hao walifika nayo bila mtu yeyote kuiona: elimu ya maji. Elimu hiyo haina diploma wala minervali. Kijana anaanza kwa kutoa maji ndani ya mtumbwi kwa kopo, huku akiwatazama wakubwa. Baadaye anapewa kasia, kisha anaanza kuulizwa: upepo unatoka wapi, wingu lile linasema nini, kwa nini ndege wamerudi mapema? Akikosea anakaripiwa, na kesho anapanda tena. Hivyo ndivyo baba alivyojifunza, na babu pia. Lakini mtoto wa mvuvi anayekua leo katika nyumba ya kupanga kule Butembo, mbali na ziwa, atajifunzia wapi?

Historia ya elimu hiyo katika eneo hili ni ndefu kuliko historia ya miji yetu. Pale Ishango, mahali mto Semliki unapotoka ziwani kuelekea ziwa Albert, mtafiti Mbeleji Jean de Heinzelin alichimba mwaka wa 1950 akakuta mabaki ya kijiji cha watu walioishi kwa uvuvi takriban miaka 20,000 iliyopita. Alikuta vyusa vya mfupa vyenye meno, mifupa ya samaki, na ule mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa kwa hesabu ambao leo umehifadhiwa Bruxelles na kujulikana dunia nzima. Wataalamu wanaendelea kubishana juu ya maana ya mikato ile. Kuhusu vyusa hakuna ubishi: mtu hachongi chusa cha namna ile bila kufundishwa na mwingine.

Zamani za Wabeleji mlolongo huo ulitikiswa. Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, ilianzishwa mwaka wa 1925, na kadiri mipaka yake ilivyopanuliwa, kukaa kando ya ziwa kukawa jambo la kuomba ruhusa. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1940 uvuvi uliwekwa chini ya koperative, na vijiji vitatu vikabaki kuwa vituo halali vya wavuvi: Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge. Koperative ilihesabu mitumbwi, nyavu na kilo za samaki. Namna ya kusoma upepo iliendelea kukaa midomoni mwa wazee.

Kwenye pwani ya bahari ya Hindi, mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na neno moja tunalolitumia kila siku linabeba kumbukumbu yake. Neno «mwalimu» limetoka kwa Kiarabu, «mu'allim». Katika majahazi ya zamani, jina hilo alipewa pia mtu aliyeijua njia ya maji, yule aliyekaa karibu na nahodha na kusema: leo tunafuata nyota ile. Mwaka wa 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi, mfalme wa Malindi alimpa mtu wa kumwongoza hadi India. Waandishi wa Kireno walimwita Malemo. Hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Ni «mu'allim» katika masikio ya Wareno. Mwongoza chombo na mfundishaji waliitwa kwa neno moja.

Mu'allim mashuhuri kuliko wote, Ahmad ibn Majid wa Julfar katika Ghuba, aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya bahari karibu na mwaka wa 1490. Sehemu nyingi za mafundisho yake alizitunga kwa mashairi, na sababu yake ni ya kazi: baharini usiku huwezi kufungua kitabu, lakini shairi unalo kichwani. Kipimo chao kilikuwa ubao mdogo wenye uzi uliofungwa mafundo, uitwao kamal. Mtu anaushika uzi kwa meno, anausogeza ubao mpaka ukingo wa chini uguse mstari wa maji na wa juu uguse nyota, kisha anahesabu mafundo. Kijana asiyejua kusoma aliweza kujifunza.

Miaka mia tatu baadaye, kule Salem nchini Marekani, Nathaniel Bowditch aliyeacha shule akiwa na miaka 10 alikagua kitabu cha hesabu za mabaharia kilichotumiwa wakati huo, akakuta makosa kwa maelfu. Kosa moja la namba lilitosha kupeleka meli kwenye mawe. Mwaka wa 1802 alitoa kitabu chake mwenyewe. Inakumbukwa pia kwamba katika safari zake aliwafundisha mabaharia wa kawaida hesabu ambazo zamani zilikuwa siri ya wakubwa wa meli. Serikali ya Marekani ilinunua haki za kitabu hicho katika miaka ya 1860, na mpaka leo inakichapisha. Mwenye simu na intaneti anaweza kukichukua bure.

Si hicho tu kinachotolewa bure. FAO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia chakula na kilimo, limeweka kwenye intaneti vitabu vya usalama wa wavuvi wadogo. Vyama vya michezo ya mashua vya nchi za ng'ambo vimeweka video za namna ya kufunga fundo, kugeuza mashua na kumwokoa aliyeanguka, pamoja na mipango ya masomo kwa wale wanaofundisha. Shida iko kwingine. Sehemu kubwa ni Kiingereza, na kidogo ni Kifaransa. Video moja inamaliza mega ambazo familia imezinunua kwa wiki nzima. Tena nyingi zinasema juu ya mashua za tanga na za mchezo, si mtumbwi wa mbao wenye moteri, uliobeba magunia, mbuzi na wamama wenye watoto mgongoni.

Kukosa elimu hiyo kunaua, na vita vinaongeza hatari. Mwezi wa nne mwaka wa 2019 chombo kilizama katika ziwa Kivu upande wa Kalehe, na Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba watu 150 walikuwa hawajulikani walipo. Baada ya hapo akaagiza kila msafiri avae jile ya kuokoa. Miaka mitano baadaye, tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakitazama kwa macho yao. Siku hiyo gavana wa Kivu Kusini alitaja vifo 78. Barabara ya Minova kwenda Goma ilikuwa imefungwa na mapigano, ndiyo sababu watu wengi walipita majini, wakiwemo wale ambao maisha yao yote walikuwa wakisafiri kwa gari.

Mambo ambayo vitabu hivyo vya bure vinayarudia, na ambayo wazee wa ziwa wanayajua, ni machache. Mtumbwi wa mbao ukipinduka, ushikilie, maana mbao inaelea hata ikijaa maji. Anayeuacha ili aogelee hadi pwani anadanganywa na macho, kwa sababu pwani ni mbali kuliko inavyoonekana. Mawimbi yakija, kaeni chini. Watu wakisimama wote na kukimbilia upande mmoja, chombo kinapinduka. Asiyejua kuogelea alale chali, aache mwili uelee, asipige maji ovyo. Bidoni tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri linaweza kumshikilia mtu, ingawa halichukui nafasi ya jile. Kabla ya kuondoka, mwambie mtu wa nchi kavu unakwenda wapi na unarudi saa ngapi.

La mwisho ni mpaka. Ziwa Edward lina kilometa za mraba zaidi ya 2,300, sehemu kubwa ikiwa ya Kongo na iliyobaki ya Uganda, na juu ya maji mpaka huo si rahisi kuuona. Wavuvi wengi wa Kyavinyonge na Vitshumbi wamekamatwa na walinzi wa Uganda kwa kuvuka mstari wasiouona, na mwezi wa saba 2018 wanajeshi wa nchi hizo mbili walifikia kurushiana risasi ziwani. Simu ya kawaida yenye ramani iliyohifadhiwa mapema inaonyesha mahali ulipo bila inite wala mega, kwa sababu inasoma satelaiti moja kwa moja. Anayejua jambo hilo, akafunga simu ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza maji, anaweza kugeuka kabla ya kuvuka.

Kwa hiyo mlolongo uliotoka Ishango unaweza kuendelea hata hapa mjini, kama wenye elimu watapewa nafasi ya kuisema. Mvuvi mzee anayekaa leo kwa jamaa zake Butembo bila mtumbwi bado anazijua dalili za dhoruba ya ziwa lake, kwa Kinande na kwa Kiswahili. Sauti ya dakika tatu iliyorekodiwa kwa simu haili mega nyingi, na inaweza kupita kutoka familia hadi familia kama mashairi ya Ibn Majid yalivyopita kutoka chombo hadi chombo. Siku ambayo njia ya Vitshumbi itafunguka, vijana watakaoshuka kwenda ziwani watakuwa wamekaa miaka kadhaa bila kushika kasia. Sauti hiyo wataihitaji kabla ya kutafuta nyavu.