Jina la Mzee Mkapa, na jina la mzee mwingine wa hapa Buffalo

Najua nimepotea muda mrefu, shangazi ameshauliza kama blogu nimeifunga. Sijaifunga, ni zamu za usiku tu. Leo nataka kuongelea msiba wa Mzee Mkapa, maana kuna jambo la siku zile sijawahi kuwasimulia.

Rais Magufuli alipotutangazia, nyumbani ilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa, 24 Julai 2020. Huku ilikuwa bado Alhamisi, jua linawaka. Mzee alikuwa na miaka 81 na wengi wetu hatukujua hata kama anaumwa. Maneno ya korona yakazagaa, mpaka familia ikabidi ieleze kuwa alikuwa na malaria, kisha akapata mshtuko wa moyo. Mimi kilichonijia kwanza ni Oktoba 1999, Mkapa mwenyewe akilitangazia taifa kifo cha Mwalimu kule London. Mtangaza msiba naye katangazwa. (Machi 2021 ikawa zamu ya Magufuli, akitangazwa na Mama Samia. Haya.)

Tuliomboleza siku saba, bendera nusu mlingoti. Mwili uliagwa Uwanja wa Uhuru, ule ule tuliouita Uwanja wa Taifa alipoagwa Mwalimu. Nilitazama kwenye simu, nimejifungia chumbani kama watu wote wa mtaa huu wakati ule. Tarehe 28 Magufuli akatangaza kuwa uwanja mkubwa wa jirani, ulioanza kujengwa Mkapa akiwa madarakani, sasa utaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Nikapiga makofi peke yangu kama mwehu.

Nikampigia shemeji, yule wa Wete. Akanipa pole, nami nikampa. Kisha akasema, "Shemeji, mimi Januari 2001 nilivuka kwa mashua kwenda Shimoni."

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia. Wadogo zangu mliokuwa hamjazaliwa: tarehe 26 na 27 Januari 2001 wafuasi wa CUF waliandamana kupinga uchaguzi wa 2000, na polisi wakawafyatulia risasi, hasa Pemba. Serikali ilitaja watu 23 waliokufa, Human Rights Watch ikasema si chini ya 35. Zaidi ya 2,000 walikimbilia Kenya. Aliyekuwa Rais ni Mkapa. Katika siku zile saba sisi tulisifu uchapakazi, "ukweli na uwazi", misamaha ya madeni, na yote ni kweli alifanya. La Pemba nani angelisema mbele ya jeneza? Kumbe marehemu mwenyewe alishalisema. Katika kitabu chake cha 2019, My Life, My Purpose, aliandika kuwa mauaji yale ni doa katika uongozi wake. Nilimwambia shemeji. Akanyamaza, halafu akauliza kesho wanazika saa ngapi. Tarehe 29 tukatazama maziko ya Lupaso pamoja, yeye Wete, mimi huku, simu sikioni.

Sasa la huku. Naishi University District, karibu na kampasi ya zamani ya chuo kikuu, barabara ya Main Street. Mkuu wa kwanza wa chuo hicho, tangu 1846, alikuwa Millard Fillmore, ambaye 1850 alikuwa Rais wa Marekani baada ya Zachary Taylor kufa ghafla. Mwaka huo huo Fillmore alitia saini sheria ya kuwakamata watumwa waliotoroka na kuwarudisha kwa mabwana zao. Alifia hapa hapa Buffalo, 8 Machi 1874, akiwa bado Mkuu wa Chuo. Basi mwanzoni mwa Agosti 2020, hata wiki mbili hazijapita tangu msiba wetu, chuo kikatangaza kuliondoa jina lake kwenye majengo. Miaka 146 baada ya kumzika!

Nikampigia tena shemeji kumhadithia. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mzungu alijuta?"

Nikamwambia alisema anauchukia utumwa, lakini saini aliweka.

"Mkapa aliandika," akasema shemeji. Kisha akaanza kunieleza bei ya karafuu.