Shikizo: Mahali Kamba ya Uokoaji Inapofungwa

Askari wa zimamoto anaposhuka kisimani kwa kamba, ncha ya pili ya kamba hiyo imefungwa mahali fulani huku juu. Mahali hapo, pamoja na kila kinachoiunganisha kamba napo, Waingereza hupaita anka, neno lile lile wanaloitia chuma kinachozuia meli isichukuliwe na mkondo. Mfasiri mwenye haraka ataandika nanga. Mimi nalipinga neno hilo, kwa sababu katika kazi hii istilahi mbaya humfundisha mwanafunzi jambo baya.

Nanga imeundwa ishike, kisha iachie. Makucha yake huuma mchanga pale amari inapovutwa ikiwa imelala karibu na sakafu ya bahari. Ikivutwa wima hulegea na kutoka, na ndivyo mabaharia wanavyoipandisha chomboni. Kiswahili chenyewe kimekwisha kuifunga nanga na kitenzi kung'oa: chombo king'oapo nanga, safari imeanza. Mwokoaji anataka kinyume cha hayo yote. Anataka kitu ambacho hakitang'oka kwa vyovyote muda wote mtu anaponing'inia. Tena nanga ni kifaa kimoja ambacho meli husafiri nacho, ilhali anka ya zimamoto hujengwa upya kila tukio, kwa vitu vilivyopo hapo.

Egemeo lingefaa, lakini wanafizikia wamekwisha kulichukua kwa nukta ambayo wenzo huizungukia. Tegemeo ni pana mno. Hata mtoto ni tegemeo la wazazi wake. Napendekeza shikizo, kutokana na kushikiza, yaani kukifanya kitu kishike kwenye kingine. Ubora wa neno hili ni kwamba kitendo kimo ndani yake: shikizo halipo mpaka mtu alishikize.

Kwanza hutafutwa kitu kizito au kilichojengeka: nguzo ya zege, boriti ya chuma, mti mkubwa ulio hai wenye mizizi ya kuaminika. Gari la zimamoto nalo hutumika, ila injini izimwe, breki ifungwe, magurudumu yatiwe kabari na ufunguo utolewe, asije dereva akaliondoa kwa mazoea. Kitu hicho huzungushiwa mkanda wa kuokolea, mkanda hutiwa karabina yenye kufuli, na karabina hupokea kamba iliyopigwa fundo la nane. Vyote hivyo kwa pamoja ndilo shikizo. Kikilegea kimoja, shikizo limelegea. Bomba la maji linalopita ukutani au reli ya ngazi huonekana imara kwa macho, na ndiyo maana wanafunzi hukimbilia huko. Mkufunzi mzuri huwakataza kwa ukali.

Zamani hofu kubwa ilikuwa kamba yenyewe. Tarehe 27 Juni 1980, huko Harlem, New York, askari wa zimamoto Lawrence Fitzpatrick aliteremshwa kwa kamba kumchukua mwenzake Gerard Frisby aliyenaswa dirishani. Kamba ikakatika, wakafa wote wawili. Msiba huo ulisukuma kutungwa kwa kiwango cha Marekani kiitwacho NFPA 1983, kilichotoka mwaka 1985, ambacho sasa kimo ndani ya NFPA 2500. Leo kamba ya uokoaji ya matumizi ya jumla chini ya kiwango hicho haina budi kustahimili kilonyutoni 40 kabla ya kukatika, sawa na uzito wa takriban tani nne. Kamba ikiwa na nguvu kiasi hicho, swali huhamia pale ilipofungwa.

Na hapo hesabu huwashangaza wengi. Chukua kapi moja iliyofungwa juu ya mdomo wa kisima, mtu wa kilo 80 akivutwa kutoka chini. Walioko juu wanavuta kamba kuelekea chini kwa nguvu ya angalau kilo 80, kwa hiyo shikizo la kapi hubeba kilo 160, na zaidi kidogo kwa sababu ya msuguano. Ama gawa mzigo wa kilo 100 kwa mashikizo mawili. Pembe kati ya mikanda ikiwa nyuzi 60, kila upande hubeba kama kilo 58. Ikiwa 90, kilo 71. Ikifika 120, kila upande hubeba kilo 100 kamili, na kugawana kote kumekuwa bure. Kwa nyuzi 150, kila mmoja unabeba kilo 193. Sijui somo jingine la uokoaji linalostahili kuchorwa ubaoni mara nyingi kuliko hili.

Mtu anaweza kusema kwamba shikizo liko karibu mno na amri "shika!", ambayo hutolewa kumwambia anayeiongoza kamba aikaze. Ni hoja nzito, kwa kuwa amri za kamba lazima zitofautike hata kwenye kelele. Lakini shikizo ni jina la kitu, hutajwa wakati wa kujenga na kukagua, kabla mtu hajavuka ukingo. Baada ya hapo halitamkwi.

Neno hili pia huzaa mengine bila taabu. Kamba inayobeba uzito ina shikizo kuu. Kamba ya pili, inayofuata bila mzigo ili imdake mtu kamba ya kwanza ikishindwa, ina shikizo la akiba. Nguzo ikitiliwa shaka, hufungwa nyuma kwenye nguzo nyingine iliyo katika mstari mmoja na mvuto, na mkufunzi anaweza kuagiza kwa maneno mawili tu: shikiza shikizo.