Kibao Penye Njia ya Zamani

Wahenga walisema, njia ya siku zote haina alama. Maana yake ni kwamba aliyezoea kupita hana haja ya kuuliza. Lakini methali hii ni kweli maadamu njia yenyewe haijahamishwa. Siku ikihamishwa, wale wale waliokuwa hawahitaji alama ndio watakaopotea kwanza. Hilo ndilo hutokea kila taasisi inapozindua tovuti mpya, ikashangiliwa kwa rangi na picha zake, kisha baada ya wiki chache watu wakaanza kulalamika kwamba hawaioni tena wanapoitafuta. Ili kuelewa kwa nini, hapana budi turudi nyuma kidogo.

Mwezi Machi 1989, Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN huko Geneva, aliwapelekea wakubwa wake pendekezo la kuunganisha nyaraka zilizotawanyika katika kompyuta za kituo hicho. Watafiti walikuja na kuondoka, na ujuzi mwingi uliondoka nao. Dawa aliyoibuni ni kuupa kila waraka anwani yake, na kumruhusu mtu yeyote kuandika kiungo cha kuuelekea waraka huo bila kuomba ruhusa kwa mwenyewe. Uhuru huo ndio ulioukuza mtandao. Lakini ndani yake mlikuwa na udhaifu: anayeelekewa hawajui wote wanaomwelekea, nao hawapati habari akihama.

Waasisi hawakulisahau jambo la kuhama. Katika waraka wa Mei 1996 ulioeleza kanuni za mazungumzo baina ya kompyuta, zimo namba za majibu. Namba 404 ina maana kwamba kilichoombwa hakikuonekana. Namba 301 ina maana kwamba kimehama moja kwa moja, na anwani yake mpya ni hii. Namba 302 ni ya kuhama kwa muda tu. Aliyewahi kufanya kazi katika masjala ataelewa mara moja. Jalada likitolewa mahali pake, karani mwema huacha karatasi ya kuonyesha limekwenda wapi. Karani mvivu huacha pengo, na anayekuja nyuma yake hudhani jalada halikuwapo kamwe.

Katika miaka hiyo pengo lilimsumbua msomaji mmoja mmoja. Mambo yalibadilika mwaka 1998, wakati wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walipochapisha maelezo ya mtambo wao wa kutafuta, Google. Mitambo iliyotangulia, kama AltaVista ya mwaka 1995, ilitegemea zaidi maneno yaliyomo katika ukurasa wenyewe. Hawa wawili walichukua desturi ya wanazuoni: kitabu kinachotajwa na vitabu vingi huhesabiwa kuwa na uzito, na kikitajwa na kitabu chenye uzito, kutajwa huko hupima zaidi. Kila kiungo kikawa kama shahidi. Ukurasa wenye mashahidi wengi na wa kuaminika ulipandishwa juu katika orodha ya majibu.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri hili. Ushahidi hautolewi kwa taasisi wala kwa maandishi. Hutolewa kwa anwani. Mwalimu wa Mbeya aliyeandika kiungo mwaka 2008 alielekeza anwani ile ile, herufi kwa herufi. Ukiibadili bila kuacha neno, shahidi wake anabaki akinyoosha kidole kwenye pengo, na ukurasa wako mpya, ujapokuwa na maneno yale yale, unasimama mahakamani kama mgeni asiyejulikana. Ukiacha elekezo la 301, mtambo unaufuata na kuuhamisha ushahidi pamoja nao. Mambo mengine mengi yameongezwa katika kupima kurasa tangu wakati huo, lakini hilo halijaondolewa.

Si watu binafsi tu wanaohama. Zaire ilipobadilika kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997, herufi za mwisho za anwani zake, .zr, zilibadilishwa kuwa .cd, na zile za kwanza zikafutwa kabisa mwaka 2001. Wakati huo tovuti za Kongo zilikuwa chache. Yugoslavia ilikuwa na hasara kubwa zaidi. Baada ya Serbia na Montenegro kutengana mwaka 2006, kila moja ilipewa herufi zake, .rs na .me. Wenye anwani za .yu walipewa muda wa kuhama, hata tarehe 30 Machi 2010 ilipofika na herufi hizo zikaondolewa. Magazeti, vyuo na watu binafsi walikuwa wameandika humo habari za miaka ya vita na ya baada ya vita. Aliyehama kwa utaratibu aliweza kuendelea. Aliyechelewa hakuweza tena hata kuweka kibao, kwa kuwa kibao huchimbiwa penye njia ya zamani, na pale mahali penyewe palikuwa pameondolewa. Somo lake ni kwamba anayehamia jina jipya asiliachie jina la zamani upesi. Kulipia ada yake kila mwaka ni gharama ndogo kuliko kuanza kujulikana upya.

Tena Berners-Lee alikwisha kuonya mwaka 1998, katika insha fupi iliyosema kwamba anwani hazibadiliki zenyewe. Watu ndio wanaozibadili. Alishauri zisitiwe mambo yanayopita, kama jina la mwandishi, au alama ya programu iliyotumika kutengeneza ukurasa. Afisa atastaafu na programu itaachwa, lakini anwani yatakiwa idumu.

Nimefanya kazi maisha yangu yote na walimu, na najua jambo hili linawafikia vipi. Taasisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikuwa na miongozo ya kufundishia iliyoandaliwa vizuri. Walimu waliinakili anwani zake katika maazimio ya kazi na maandalio ya somo, wakapeana. Tovuti ikajengwa upya, na kila anwani ya zamani ikawa inamtupa mtu kwenye ukurasa wa mbele, penye picha ya jengo. Miongozo haikufutwa, ilikuwamo humo humo, mahali pengine. Lakini walioitafuta walikutana kwanza na nakala za zamani, zenye makosa, zilizowekwa na wauzaji. Nakala zilikuwa na mashahidi wao bado. Asili ilikuwa imewapoteza wake. Mwalimu aliye mbali, anayenunua intaneti kwa shilingi mia tano, hana muda wa kupekua. Atachukua kilicho juu, na watoto watafundishwa hicho.

Watu husema chema chajiuza. Nakubali, lakini sharti kionekane penye duka lake. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilieleza kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 hazikufikika tena miaka kumi baadaye. Sehemu ya hizo zilikufa kweli; nyingine, bila shaka, zilihama kimya kimya.

Kazi ya kuzuia hasara hii si ya ufundi mkubwa. Ziandikwe anwani zote za zamani kabla ya tofali la kwanza kubomolewa. Kila moja ipewe mwenzake mpya, si zote kurundikwa kwenye ukurasa wa mbele. Elekezo liende moja kwa moja, lisipitishwe vituo vitatu. Google yenyewe hushauri maelekezo yadumu angalau mwaka mmoja. Mimi nasema yadumu muda wote ambao kuna mtu mwenye daftari la zamani. Basi msomaji, siku utakapokaa katika kamati ya kupokea tovuti mpya, waache wenzako wasifu rangi. Wewe uliza orodha ya anwani za zamani iko kwa nani.